Siku tatu narekebisha plagini isiyoendeshwa: tuongee kutesti "michepuko" ya plagini toka mwanzo hadi mwisho

#1 ParachichiLaRungwe (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za humu. Huku Mbeya baridi la Julai limeshika kweli kweli, nimekaa zangu Uyole na koti, blanketi juu ya koti, laptopu mapajani ndiyo hita yangu. Wiki hii yamenikuta, nimeona nisife nayo peke yangu.

Kuna watu wananunua parachichi kwa wakulima wa Rungwe, nimewaandikia programu ya terminali (dirisha la kuandika amri) kwa lugha ya Go. Humu nitaiita `pima`. Karani anaandika `pima pokea`, programu inasoma uzito kwenye mzani, stakabadhi inatoka. Sasa kila kituo kina mzani wa aina yake, kwa hiyo kila aina ya mzani ina plagini yake, yaani programu ndogo ya pembeni ambayo `pima` inaiita, inaiuliza "kilo ngapi?", inajibiwa. Plagini rasmi zinashushwa toka seva na kukaa kwenye folda `.pima/plagini`, kila moja na namba ya toleo na alama ya uhakiki, ili mjanja asichomeke ya kwake.

Ila wewe unayeitengeneza hiyo plagini huwezi kila ukigusa mstari mmoja uipandishe kwenye seva, uipe toleo jipya, uishushe tena. Utazeeka. Ndiyo maana niliweka njia ya kuiambia `pima`: plagini ya mzani usichukue ile rasmi, chukua iliyo kwenye folda hii ya mashine yangu. Hiyo naiita mchepuko. Na kabla hamjaanza vicheko, namaanisha mchepuko wa barabara, kama huu tunaopitishwa vumbini Nsalaga hadi Ifisi wakijenga njia nne. Gari ni lile lile na safari ni ile ile, ila kipande kimoja unapitishwa pembeni.

Sasa kisa. Kreti ya kilo 24.6 ikatoka kwenye stakabadhi kilo 246. Nikafungua plagini, nikaona nukta inavyomezwa, nikarekebisha, nikajenga, nikaendesha: 246. Nikarekebisha tena: 246. Siku ya kwanza nililaumu mzani. Ya pili nikalaumu waya, nikanunua mwingine Mwanjelwa, hela ikaenda. Siku ya tatu, saa nane usiku, kwa hasira nikafuta kodi (code) yote ya plagini nikabakiza `main` tupu, yaani programu isiyofanya kitu. Nikajenga, nikaendesha.

246.

Jasho lilinitoka kwenye baridi lile. Plagini tupu inajuaje kilo?

Faili langu la mipangilio lilikuwa na mstari huu:

`mzani = "~/kazi/mzani"`

Ile alama ya `~` mfumo endeshi hauijui. Ni sheli, ile programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminali, ndiyo inayoigeuza kuwa folda yako ya nyumbani kabla programu haijaiona. Ukiiandika ndani ya faili, hakuna sheli inayopita hapo kukusaidia. `pima` ilikwenda kutafuta folda inayoitwa `~` kwa jina lake, haikuiona, na mimi huyu huyu miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimeandika: isipopatikana, tumia ile rasmi. Kimya kimya, hata onyo hakuna. Siku tatu nimerekebisha plagini ambayo haikuwahi kuitwa hata mara moja.

Na kinachouma ni kwamba testi zilikuwepo, zote kijani! Ipo inayosoma mstari wa mipangilio na kuhakikisha unatoka `~/kazi/mzani`. Unatoka, tena bila kosa. Ipo inayohakikisha folda isipokuwepo programu inatumia rasmi. Inatumia. Kila kipande ukikiuliza peke yake kinakujibu kweli. Swali ambalo hakuna testi iliyouliza ni moja: karani akibonyeza, plagini ipi ndiyo imejibu?

Kwa hiyo nimeandika upya, naeleza hapa mnikosoe.

Testi inaanza kwa kujenga `pima` yenyewe, faili lile lile analopewa karani. Halafu inajenga plagini mbili za uongo. Moja ukiiuliza uzito inajibu 111, nyingine 222. Jina moja, toleo moja, tofauti yao ni jibu tu. Ya 111 inawekwa kwenye folda ya rasmi, ya 222 kwenye folda ya mchepuko. Yote yanafanyika kwenye folda ya muda, na `HOME` (kigezo cha mazingira, yaani thamani ambayo programu inaisoma toka kwenye mfumo, kinachotaja folda ya nyumbani) imeelekezwa humo humo ili testi isishike mipangilio yangu halisi.

Kisha inaendesha kama karani. Bila mchepuko, lazima 111. Washa mchepuko, lazima 222. Uzime, lazima irudi 111. Hatua ya kwanza wengi tunairuka, tunakimbilia 222. Lakini usipoiona 111 kwanza, hiyo 222 haijakuambia kitu, huenda ndiyo ilikuwa imekaa kwenye folda ya rasmi toka mwanzo.

Baada ya hapo inakuja testi ya njia mbovu. Mchepuko ukielekezwa pasipo na kitu, `pima` igome, itaje njia iliyokosekana, na namba inayoacha ikifunga isiwe 0, maana 0 ni kusema mambo yameenda sawa. Ule utaratibu wa kurudi rasmi kimya kimya nimeufuta kwa mikono yangu.

La mwisho ni onyo. Mchepuko ukiwa umewashwa, kila ukiendesha lazima programu ipige kelele, na kelele hiyo itoke stderr (njia ya makosa na maonyo), siyo stdout (njia ya majibu ya kawaida). Karani anaelekeza stdout kwenye faili la CSV, yaani jedwali la maandishi. Sentensi yangu ikiingia kwenye safu ya kilo, mhasibu atanipigia simu hata kama niko msibani.

Wazo lenyewe si langu. Terraform (programu ya kuandaa seva kwa kufuata mafaili ya maandishi) wana kitu hiki toka toleo 0.14 la mwaka 2020, kinaitwa `dev_overrides`, unakiweka ndani ya `provider_installation` kwenye faili `.terraformrc`. Ukikiwasha, plagini hiyo haikaguliwi toleo wala alama ya uhakiki, na kila ukiendesha amri ya `plan` inakuonya kwamba kuna mchepuko. Chungulieni kodi yao, folda ya `internal/command/e2etest`. Mtakuta testi inayoendesha terraform nzima, inajenga plagini ndogo ya mfano, inaandika faili la mipangilio, inaendesha amri, halafu inalitafuta lile onyo kwenye majibu. Ni jambo dogo, ila sikuwa nalo.

Naomba michango, matusi pia yanapokelewa.

#2 BakiNjiaKuu

Mkuu ulivyosema mchepuko nikajua uzi wa mahusiano, nikaja mbio na popkoni. Michepuko si dili aisee, ona ulivyoteseka siku tatu.

Ila pole. Na waya wa Mwanjelwa usiutupe, kuna siku kweli waya ndio utakuwa mbovu.

#3 BintiWaKihesa

Shikamooni wakubwa. Niko chuo hapa Iringa, naomba kuuliza bila kuchekwa. Kwa nini usinakili tu plagini uliyoijenga ukaibandika juu ya ile rasmi? Mimi ndivyo ninavyofanya kwenye mradi wangu na inafanya kazi.

#4 ParachichiLaRungwe

Marahaba mdogo wangu, hakuna wa kukucheka, nimefanya hivyo mwaka mzima.

Inafanya kazi hadi siku utakaposahau kunakili. Umebadili kodi, umejenga, ukaendelea na chai, unarudi unaendesha ile ya jana huku unaapa umerekebisha. Ni shimo lile lile nililoanguka mimi, umeingilia mlango wa nyuma tu. Pili, kwangu plagini rasmi ina alama ya uhakiki. Ukiibandikia juu alama hailingani, `pima` inakataa. Dawa inayokuja kichwani ni kuzima ukaguzi, na ukishauzima kwa ajili yako, kuna siku utasahau umezimwa na kwa karani.

#5 MzeeWaKitonga

Nimesoma yote. Kijana umeeleza vizuri, ila nikupinge kidogo.

Mimi natengeneza mambo haya toka enzi za kutafuta intaneti kwa kupanda kilimani, na nimeona timu zikifa na testi za aina hii. Zinajenga kila kitu, zinaendesha kila kitu, dakika ishirini, halafu moja inaanguka kwa sababu diski imejaa na hakuna anayejua. Mwisho watu wanazizima. Shida yako ingeisha kwa mstari mmoja tu: amri ya `pima toleo` ionyeshe kila plagini na njia kamili ya faili inayotumika. Ungeiona saa ile ile kwamba ni ya rasmi. Testi zako za nini hapo?

La pili, hizo plagini zako za 111 na 222 ni za maigizo. Plagini ya kweli ikiitwa inasalimiana kwanza na programu mama, wanakubaliana wataongea kwa protokali ipi. Kwenye mchepuko umeruka ukaguzi wa toleo, si ndiyo? Basi hapo ndipo plagini ya zamani itakutana na `pima` mpya wasielewane lugha, na testi yako ya maigizo haitaona kitu.

#6 ParachichiLaRungwe

Mzee hilo la pili limeniingia, nalibeba. Naongeza testi moja ya plagini ya mzani ya kweli, na badala ya mzani naipa faili lenye maandishi yale yale unayotuma mzani, `024.6`. Wakishindwa kusalimiana ianguke hapo, siyo kule kituoni Tukuyu gari la mizigo likisubiri.

La kwanza nakubali nusu. Amri ya kuonyesha njia nimeiweka jana. Lakini kabla ya kuandika ile amri ilibidi niwe na shaka, na mimi siku tatu sikuwa na shaka na mchepuko hata kidogo, nilishuku nukta. Amri inamjibu anayeuliza. Mimi sikuuliza.

Kuhusu muda, zangu ni sita tu, sekunde kama kumi na moja kwa laptopu hii mbovu. Zile za vipande vidogo vidogo zipo mamia na zinabaki. Sijasema tuhamie huku wote.

#7 MzeeWaKitonga

Sita nakuruhusu. Zikifika sitini nitarudi kwenye huu uzi.

#8 NjombeViazi

Nyie mnaongelea dakika, sisi huku umeme ukikatika katikati ya kujenga ndiyo testi yenyewe.

Niongeze lililonikuta, maana ni ndugu wa hili. Nilikuwa na testi kama zako kwa Go, zinaita programu niliyoijenga mapema kwenye folda nyingine. Nikabadili programu, nikaendesha `go test`, kijani. Nikaiharibu makusudi, kijani. Kuangalia vizuri pembeni imeandikwa `(cached)`. Go inahifadhi majibu ya testi. Inafuatilia kodi ya testi, mafaili ya ndani ya mradi ambayo testi imeyafungua na vigezo vya mazingira iliyovisoma. Programu ya nje unayoiita kama mgeni haiihesabu. Ikaona hakuna kilichobadilika, ikanipa jibu la juzi.

Dawa ni `go test -count=1`, au ujenge programu ndani ya testi yenyewe. Mimi nafanya vyote viwili, sina imani tena na mtu.

#9 BakiNjiaKuu

Kwa hiyo mwenzio alikuwa anaendesha plagini ya zamani, wewe ukawa unasoma majibu ya zamani. Nyanda za Juu mna mambo.

#10 KaraniMakambako

Kamwene wote. Mimi si mtengenezaji kivile, nashughulika na mashine za ofisi, zote Windows. Swali: hiyo `HOME` uliyoielekeza kwenye folda ya muda, umeijaribu Windows?

Nauliza kwa sababu kwa Go ukitafuta folda ya nyumbani kupitia `os.UserHomeDir`, Windows inasoma `USERPROFILE`, haina habari na `HOME`. Kuna jamaa alituletea programu, akaendesha testi zake kwenye mashine ya ofisi "kuhakikisha". Testi zikadhani ziko kwenye folda ya muda, kumbe ziko nyumbani kabisa. Zikaandika mipangilio ya uongo juu ya ile ya kweli, na zilipomaliza zikafanya usafi. Usafi kweli kweli. Tuliandika stakabadhi kwa mkono siku mbili.

Halafu jamaa huyo huyo aliacha mchepuko umewashwa. Aliuwasha kurekebisha kitu kidogo, akapanda basi. Wiki mbili tunatumia plagini yake ya majaribio bila kujua. Onyo lilikuwepo, tena lenye rangi nyekundu, lakini kwa karani ukiona maneno mekundu kila siku na kazi inaenda, yanakuwa kama pazia.

#11 ParachichiLaRungwe

Duh. Hilo la `USERPROFILE` sikulijua, asante sana kaka. Mimi niko Linux, karani wangu yuko Windows, na testi zangu zimeendeshwa Linux peke yake. Tena Windows plagini lazima iishie na `.exe`, sijui hata kama mchepuko wangu unalijua hilo. Nitaelekeza vyote viwili, na kabla ya kuandika chochote testi ihakikishe kwanza kwamba folda ya nyumbani inayoiona `pima` ni ile ya muda. Isipolingana, ijifie hapo hapo kabla haijagusa kitu.

Kuhusu mchepuko uliosahaulika, nawaza kuutoa kabisa kwenye faili la kudumu la mipangilio. Uwashwe kwa kigezo cha mazingira kwenye terminali hiyo tu, ukifunga dirisha umeondoka nao. Terraform wana njia kama hiyo, unatumia `TF_CLI_CONFIG_FILE` kuonyesha faili jingine la mipangilio kwa muda, lile la nyumbani linabaki safi.

#12 MzeeWaKitonga

Hapo sasa. Na `pima pokea` igome kabisa kutoa stakabadhi halisi mchepuko ukiwa umewashwa. Itoe yenye maneno MAJARIBIO kwa ukubwa.

#13 NjombeViazi

Mzee hapo nakupinga. Kuna siku mchepuko ndio utakaokuokoa. Plagini rasmi imeharibika, seva haipatikani, wakulima wamepanga foleni na parachichi haziwezi kusubiri. Fundi anakuja na faili kwenye flashi, anawasha mchepuko, kazi inaendelea. Ukiweka kugoma umejifungia nje.

#14 MzeeWaKitonga

Hiyo siyo kazi ya mchepuko. Hiyo iitwe kwa jina lake, iwe na saini yake.

#15 NjombeViazi

Foleni ya wakulima haisomi saini mzee wangu.

#16 FundiTerraform

Nipite kidogo, naona mmegusa Terraform. Mitego miwili ambayo testi ya mwanzo hadi mwisho ingeikamata.

Ukiandika `dev_overrides` ndani ya `provider_installation` ukasahau kuweka `direct {}` (yaani nyingine zishushwe kama kawaida) chini yake, umeiambia terraform kwamba hakuna njia nyingine ya kupata plagini. Yako itafanya kazi, za wengine zote zitakosa pa kushushwa. Kwa hiyo mwanzisha uzi, ongeza testi yenye plagini mbili: moja imechepushwa, nyingine haijaguswa, na hiyo ya pili iendelee kutoka rasmi kama kawaida.

Mtego wa pili ni `terraform init`, amri ya kuandaa folda na kushusha plagini. Watu wamezoea kuianza kila mara. Ukiwa na mchepuko wa plagini ambayo haijawahi kupandishwa kwenye rejista (ghala la plagini la mtandaoni), kwenye matoleo mengi `init` bado inakwenda kuitafuta huko, inakosa, inaanguka. Mtu anadhani plagini yake mbovu kumbe hatua ile haikuhitajika. Testi ifuate njia ambayo mtengenezaji atapita kweli, pamoja na hatua anazoziweka kwa mazoea tu.

#17 BintiWaKihesa

Naomba kuuliza tena. Na zile programu ambazo plagini yoyote iliyo kwenye `PATH` (orodha ya folda ambamo mfumo unatafuta programu) inasomwa, kama kubectl, ile amri ya kusimamia Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi? Pale mchepuko unakuwaje?

#18 FundiTerraform

Pale hakuna mchepuko rasmi, kuna kuwahi siti. Faili linaloanza na `kubectl-` likiwa kwenye `PATH` ni plagini. Yakiwa mawili ya jina moja, folda iliyotangulia kwenye `PATH` ndiyo inashinda. Ukiendesha `kubectl plugin list` inakuonya kwamba moja imefunikwa na nyingine. Kutesti ni vile vile: weka mbili zenye majibu tofauti, badili mpangilio wa folda, angalia nani anajibu. Ila usiitegemee `PATH` ya mashine yako, itengenezee testi `PATH` yake yenyewe, fupi. Vinginevyo itapita kwako tu.

#19 BintiWaKihesa

Asante. Nimeacha kunakili, nimeweka mchepuko kwenye mradi wangu na zile hatua tatu za 111, 222, 111. Mbili za kwanza zimepita. Ya tatu inagoma: nimezima mchepuko, bado inatoa 222. Nimefuta hadi mstari wenyewe kwenye mipangilio.

#20 ParachichiLaRungwe

Programu yako inahifadhi popote njia ya plagini? Kache ya aina yoyote?

#21 BintiWaKihesa

Ndiyo, niliweka ili isitafute kila mara, inaandika njia kwenye faili dogo. Ngoja niangalie.

#22 BintiWaKihesa

Nimeipata. Ilikuwa inaihifadhi na njia ya mchepuko, halafu ikiendeshwa tena inasoma kache kabla ya mipangilio. Nimeizuia isihifadhi kitu mchepuko ukiwa umewashwa. 111, 222, 111. Zote zimepita!

#23 MzeeWaKitonga

Hongera binti. Sasa kaendeshe kwenye Windows ya maktaba ya chuo.

#24 BintiWaKihesa

Mzee jamani.